Mamamkwe Wangu na Mashine ya Leza

Mamamkwe wangu alishuka kwenye gari akiwa na godoro. Halikuwa godoro kubwa. Lilikuwa lile jembamba la sponji, limekunjwa na kufungwa kamba ya katani, lakini lilikuwa godoro. Baada yake konda alishusha beseni, ndoo yenye mfuniko, chupa ya chai na mfuko wa sandarusi uliojaa khanga na vitenge. Nilikuwa nimemsubiri hapo stendi ya Biharamulo tangu asubuhi, nikitegemea kumwona na kimfuko cha mkononi na pengine ndizi za zawadi. Ndizi nazo zilikuwepo, mkungu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Hospitali ni upande gani?"

"Leo tunakwenda nyumbani kwanza, Nyantakara. Hospitalini tutakwenda keshokutwa."

"Na kitanda wameshanitengea?"

"Kitanda cha nini, mama?"

Aliniangalia kama mtu anayejiuliza watoto wa watu wanafundishwa nini na mwalimu huyu. "Mwanangu alinipigia simu. Alisema hapa Biharamulo imekuja mashine ya kulaza watu wenye magoti. Nami nimekuja kulazwa."

Sikuelewa mara moja. Mume wangu alikuwa amemwambia kuna mashine ya leza. Kule kwao Bugarama, wilayani Ngara, simu hukamata mtandao ukisimama kwenye migomba ya juu, na upepo ukivuma nusu ya maneno hupotea. Isitoshe, leza ni neno ambalo hakuwahi kulisikia, si kwa Kihangaza, lugha ya kwao, wala kwa Kiswahili. Sikio lake lilichukua neno la jirani. Jumuiya yao ya kanisani ilikuwa imesali Rozari kwa ajili yake, majirani walikuwa wamekuja kumuaga, na kuku wake walikuwa wamegawiwa walezi.

"Hakuna kulazwa, mama. Ni mashine ya mwanga. Wanakumulika goti, unarudi nyumbani."

"Wananimulika."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu unarudi nyumbani."

Alilitazama godoro lake kwa muda. "Nimeshaagwa," alisema.

Basi tukapakia godoro, beseni, ndoo, chupa na mkungu kwenye gari la Nyantakara.

Lazima nieleze kidogo tulivyokuwa, mimi na yeye. Mimi ni mzaliwa wa Nyabusozi, hukuhuku Biharamulo, na nimefundisha shule ya msingi Nyantakara karibu maisha yangu yote ya kazi. Mume wangu ni bwana mifugo, mtu wa pikipiki na sindano za ng'ombe, leo yuko kijiji hiki kesho kile. Aliponipeleka kwao Ngara kunitambulisha, mama yake alinikagua kuanzia kichwani, akafika kwenye miguu, akamuuliza mwanawe kwa Kihangaza, akidhani sielewi, kama miguu ya mwalimu inaweza kupanda kilima na kikapu cha mihogo au ni ya kusimamia ubao tu. Nilielewa. Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda Bugarama nilibeba. Nilibeba maji, nilibeba mihogo, nilibeba kuni, nikapanda na kushuka vilima vile huku nikitabasamu, na hata siku moja sikukaa kabla yake. Hakuwa mama mkali. Alinipikia, aliwafunika watoto wangu kwa khanga zake bora, alinisifia mboga zangu. Lakini aliniita "mwalimu" kama vile watu wanavyomwita mkaguzi "mkaguzi", na mimi niliitika vivyo hivyo.

Kwa hiyo goti langu la kushoto lilipoanza kuuma sikumwambia. Darasani nilikuwa nimeacha kuandika nusu ya chini ya ubao, maana kuinama na kuinuka kulikuwa kunanitoa jasho. Watoto walizoea. Mwalimu mwenzangu mmoja ndiye aliyeniambia kuna kliniki ndogo ya viungo mjini, wameleta mashine ya mwanga, na shangazi yake mwenye bega bovu sasa anaanika nguo mwenyewe. Nikapanga kwenda likizo ya Juni. Nilipomwambia mume wangu, alisema jambo moja tu: "Mchukue na mama. Wanasema hata kupiga magoti kanisani hawezi tena, anakaa kwenye benchi wakati wa mageuzo, wenzake wote wamepiga magoti, na anaona aibu."

Mume wangu hakujua kwamba mpango wangu ulikuwa kumulikwa bila mamamkwe wangu kujua. Nilifikiri nitamsindikiza yeye, na yeye akiwa ametulia barazani nitajipenyeza chumbani kwa zamu yangu.

Kliniki ilikuwa nyumba ya bati la bluu nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Mtaalamu wa viungo alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa. Alimkaribisha mama kwenye kitanda chembamba, akamwomba apandishe kitenge, akamshika magoti, akayakunja na kuyanyoosha huku ameinamisha kichwa kana kwamba anayasikiliza. Aliuliza maswali mengi. Anaamka na ugumu? Amewahi kuugua saratani? Anatumia dawa gani? Mama alijibu kila swali kwa ufupi, kama aliyeitwa ofisini kwa mtendaji.

"Mwanga huu unaunguza?" aliuliza mwishowe.

"Hauunguzi, mama. Wala hautausikia sana. Unapita kwenye ngozi, unaingia ndani kidogo. Kazi yake ni kutuliza maumivu na uvimbe. Kwa wengine unasaidia vizuri, kwa wengine kidogo, na wapo ambao hausaidii. Na peke yake hautoshi. Nitakupa na mazoezi."

"Kama hauunguzi, basi amulikwe mwalimu kwanza."

Nilisema haraka, "Mama, mimi nimekusindikiza tu."

Mamamkwe wangu alimgeukia mtaalamu, si mimi. "Huyu anaumwa goti la kushoto. Krismasi alishuka ngazi za kanisa letu kwa ubavu, kama mbuzi anayeshuka kilima. Anadhani hatumwoni."

Mtaalamu alinitazama. Jina langu lilikuwa mbele yake tayari daftarini, lilifuata lile la mama, kwa sababu nilikuwa nimejiandikisha nilipopiga simu. Alivuta kiti na kunionyesha kwa mkono nikae. Nikakaa, nikiwa nimeona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, na mamamkwe wangu akajisogeza ukingoni mwa kitanda ili aone vizuri.

Kwanza alitugawia miwani ya kulinda macho, ya rangi ya kijani, mikubwa, yenye mkanda wa nyuma. Mama aliivaa juu ya kilemba. Kisha mtaalamu akachukua kifaa kama kishikio cha kurunzi chenye waya mrefu, akakiweka kwenye ngozi pembeni mwa goti langu, akabonyeza. Mashine ikatoa mlio mfupi. Alitulia hapo kidogo, akahamia sehemu nyingine, akatulia tena. Nilisikia ubaridi wa kioo chake tu, kisha kitu kama vuguvugu ambalo sina hakika kama lilikuwepo au nililitaka liwepo.

"Inauma?" mama aliuliza.

"Haiumi."

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mama."

"Huenda hajawasha," aliniambia kwa Kihangaza.

Mtaalamu, ambaye kumbe alikulia Rulenge, hukohuko Ngara, akamjibu kwa Kihangaza hichohicho kwamba amewasha. Mama alifunika mdomo kwa kiganja. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona mamamkwe wangu akicheka mpaka mabega yanatikisika, miwani ya kijani usoni, na mimi nikacheka, na mtaalamu akasubiri tumalize ndipo aendelee, maana goti langu lilikuwa linacheza.

Zamu yake ilipofika alilala kimya, mikono kifuani. Alipomaliza alisimama, akajaribu hatua chache, akasema palepale kwamba hakuna tofauti yoyote. Mtaalamu akasema hakutegemea tofauti siku ya kwanza. Tukapewa mazoezi: kukaa kwenye kiti na kunyoosha mguu mbele, kuushikilia juu kidogo, kuushusha taratibu. Tukaambiwa tuje mara mbili kila wiki.

Ndivyo likizo yangu ilivyokwenda. Asubuhi Nyantakara huwa na baridi wakati ule wa kiangazi, vumbi bado limelala, na sisi wawili tunakaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba tukinyoosha miguu. Wapita njia wenye ng'ombe walitusalimu na kutuangalia mara ya pili. Mama aliwaitikia kwa heshima zote bila kushusha mguu.

Siku za kliniki tuliondoka mapema. Barazani pale tulizoeleka. Palikuwa na benchi refu, na mama alikuwa na nafasi yake kwenye benchi hilo, karibu na mlango, ambapo aliwaeleza wageni kwamba wasiogope, hakuna kulazwa.

Baada ya wiki kadhaa goti langu lilianza kupona. Sikuamini mara moja. Kwanza niligundua nimechuchumaa kupuliza moto bila kujiandaa. Kisha nikaamka asubuhi moja nikashuka kitandani kama mtu wa kawaida, nikafika jikoni ndipo nikakumbuka kwamba nina goti. Maumivu yalikuwepo bado nikisimama sana, lakini yalikuwa yamerudi nyuma, kama redio ya jirani iliyopunguzwa sauti.

Goti la mama halikubadilika hata kidogo.

Kila tulipotoka kliniki alilijaribu, na kila mara alitikisa kichwa. Hakulalamika. Alikuwa amekuja mzee wa watu kutoka Bugarama, ameagwa, ameombewa, na mwanga ukamsaidia mkwewe aliyekuja kwa kujificha. Mimi niliona vibaya mno. Nikaanza kuchechemea. Nilipokuwa naye njiani nilishika paja, niliguna nilipokaa, nilishuka kwenye gari kwa ubavu kama zamani. Niliigiza vizuri, nadhani, kasoro nilikuwa nasahau mguu wenyewe ni upi.

Mchana mmoja tulikuwa nyuma ya nyumba tunapukuchua maharage. Nilinyanyuka kwenda kuchukua ungo, nikachechemea.

"Mwalimu," alisema, bila kuinua macho. "Leo ni la kulia?"

Nikasimama.

"Usichechemee kwa ajili yangu. Mungu amekupa goti, unalikataa?" Aliendelea na maharage yake. "Mimi nimezaa, nimelima, nimepanda kilima kile na maji kabla baba ya watoto wako hajajua kutambaa. Goti langu limefanya kazi. Lako lilikuwa linasimamia ubao tu, ndiyo maana limepona upesi."

Nilitaka kuudhika, nikajikuta nacheka. Nilirudi na ungo nikitembea vizuri, tukaendelea kupukuchua. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilipaswa kukiona zamani. Maganda yake hakuyafungua kwa vidole. Aliyabana kati ya viganja viwili na kuyasaga. Rundo langu lilikuwa mara tatu ya lake. Nilidhani ni uzee. Sikuuliza.

Aliyeuliza ni mtaalamu. Katika siku zilizofuata alikuwa amempima tena, na akamwambia kwa upole kwamba goti lake la kulia limelika sana. Ile gegedu inayokaa kati ya mifupa imekwisha, na mwanga hauwezi kuirudisha. Angempa mazoezi na kumwonyesha namna ya kutumia fimbo. Kupiga magoti aache kabisa, na kama paroko ana neno, paroko aje amwone yeye. Mama alisikiliza, akasema, "Sawa," akaanza kufunga kitenge chake kiunoni ili aondoke.

Hakuweza kukifunga. Alikuwa anajaribu kwa viganja, kisha kwa meno upande mmoja. Mimi nilinyoosha mkono kumsaidia, kama nilivyokuwa nikimsaidia kila mara bila kufikiri, na mtaalamu akasema, "Mwache kidogo, mwalimu." Akaja karibu, akamshika mikono, akaigeuza. Akabonyeza kwa kidole gumba juu ya vifundo, mahali ambapo kidole kinaungana na kiganja, na mama akavuta pumzi.

"Hii imeanza lini?"

"Muda."

"Asubuhi inakuwaje?"

"Asubuhi haikunji. Mpaka jua lipande."

"Mikono yote miwili?"

"Yote."

"Mbona hukuniambia, mama? Niliuliza ugumu wa asubuhi."

"Uliniuliza ukiwa umeshika magoti," alisema mama.

Mtaalamu akakubali kwamba ni kweli. Akamwandikia kwenda kwa daktari kupimwa damu, na majibu yalipotoka daktari alisema ni baridi yabisi, ugonjwa wa viungo ambao si wa kuchakaa bali wa mwili kujishambulia wenyewe, na una dawa zake. Ni ugonjwa tofauti na ule wa goti. Alikuwa nayo yote mawili kwa pamoja. Alimwanzishia vidonge, na mtaalamu akasema atamulika vidole, kwani kwa mikono ya namna ile mwanga huwa unapunguza maumivu na ule ugumu wa asubuhi, wakati dawa zikijipanga.

Siku hiyo tukirudi, ndani ya gari, alinieleza mwenyewe. Sijui kwa nini alichagua hapo, tukiwa tumebanana na magunia ya mahindi. Mamamkwe wangu alikuwa msukaji. Pale Bugarama vile vikapu vyenye mfuniko mrefu uliochongoka, ambavyo bibi harusi hupelekewa, alivisuka yeye kuliko mwanamke mwingine yeyote. Nilivijua, nilipoolewa nililetewa kimoja, bado ninacho, ninatunzia vyeti. Miaka michache iliyopita aliacha. Sisi watoto tulisema amechoka. Jumuiya ilisema ameudhika kwa sababu kuna mwaka kamati ya kanisa ilipanga vikapu vyake nyuma kwenye matoleo. Yeye hakukanusha, maana kuudhika kulionekana bora kuliko kushindwa.

Lakini palikuwa na jirani yake, mwanamke aliyeolewa pale kijijini mwaka mmoja na yeye, aliyechota naye maji tangu ujana wao. Jirani huyo alikuwa anaoza binti yake wa mwisho na akamwomba kikapu. Mama akakubali. Alianza, vidole vikakataa, akaanza tena, vikakataa. Siku ya harusi ilifika na kikapu hakikuwepo. Jirani akanunua ndoo ya plastiki yenye maua, akaifunika kwa kitambaa. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwa mbali tu.

"Ulimwambia sababu?" nilimuuliza.

"Ningemwambia nini? Kwamba vidole vyangu vimekuwa vya mtu mwingine?"

Nilimwambia ningekuwa mimi ningemwambia. Akanitazama tu, na nikakumbuka nilivyoshuka ngazi za kanisa Krismasi.

Mwanga wa vidole ulimchekesha. Mtaalamu alipitisha kifaa kwenye kifundo kimoja baada ya kingine, na mama alimhesabia kwa Kihangaza ili asiruke hata kimoja. Nyumbani alifanya mazoezi yake: kukunja ngumi ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, lile beseni alilokuja nalo kulazwa, na kuifungua. Alikunywa vidonge kama alivyoelekezwa, baada ya chakula, akilalamikia ukubwa wake.

Shule ilifunguliwa nikarudi kazini. Yeye alibaki nasi, na siku za kliniki mume wangu alijipangia ng'ombe wa upande wa mjini ili amsindikize. Jioni moja nilirudi nikakuta ndizi zimemenywa. Sufuria nzima, zimekaa kwenye maji, nyeupe, hazina hata chembe ya ganda. Huwa namenya mimi. Ndizi mbichi ina utomvu na kisu chake kinataka vidole. Mume wangu hakuwepo. Mama alikuwa amekaa kizingitini, mikono imepakwa mafuta kuondoa utomvu, anaangalia barabara.

"Nani kamenya?" niliuliza, ingawa palikuwa hakuna mtu mwingine.

"Nilikuwa nasubiri uchelewe zaidi nizipike kabisa," alisema.

Nilikaa pale kizingitini pembeni yake. Nilikaa kabla ya kuvua viatu, kabla ya kuweka madaftari, bila kuomba ruhusa. Tulikaa tu. Akaninyooshea mkono wake wa kulia, akaukunja taratibu mpaka ukawa ngumi, si ngumi ya kupigia mtu lakini ngumi, akaufungua tena.

Ni nini kilichomsaidia, mwanga au vidonge? Nilimuuliza mtaalamu, akasema hawezi kuvitenganisha, na kwamba baridi yabisi haiondoki, inatulizwa tu; dawa asiache hata akijisikia mzima. Nilimpenda kwa kujibu hivyo. Mama ana msimamo wake. Anasema vidonge vilimtia kichefuchefu na mwanga haukumtia kitu, kwa hiyo kilichofanya kazi ni vidonge, kwa sababu dawa ya kweli lazima ujue umeinywa. Lakini kliniki hakukosa hata siku moja.

Alirudi Bugarama mvua za kwanza zilipokaribia, na fimbo, na godoro. Dawa zake akahamishiwa hospitali ya hukohuko Ngara. Krismasi tulipokwenda nilimkuta anasuka. Hakusuka kama zamani. Alifanya mizunguko michache, akaweka chini, akakunja ngumi kwenye maji, akarudi. Mfuniko ulikuwa umepinda kidogo upande mmoja na alijua. Alipomaliza alikifunga kwenye kitenge, akaniambia nimsindikize kwa jirani.

Njia ni fupi lakini inashuka. Tulishuka taratibu, fimbo yake mbele, mkono wake mwingine begani kwangu, na tukashuka wote wawili kwa ubavu bila kuona aibu. Jirani alikuwa uwanjani anaanika kahawa. Alinyanyuka akabaki amesimama, mikono imejaa buni.

Mama hakuzunguka. "Kikapu cha binti yako," alisema. "Kimechelewa. Nilikuwa siwezi kukunja vidole, nikaona haya kukuambia."

Jirani alimwaga buni kwenye turubai, akakipokea. Alikigeuza, akapitisha kidole pale mfuniko ulipopinda. "Binti ana watoto wawili sasa," alisema.

"Atawekea karanga."

"Mimi nilijua umenichukia kwa sababu ya lile shamba la mpakani."

"Shamba gani?"

Wakaanza kuzungumzia shamba ambalo mama hakuwa analikumbuka kabisa, na jirani akalieleza lote, mpaka lilipoanzia na mti uliokatwa, na mama akasema kama ni lile basi alikuwa amelisamehe kabla hajajua kwamba ameudhika. Tuliletewa viti. Tuliletewa chai na viazi. Mimi nilikunywa nikasikiliza, na jua lilipopungua wao bado walikuwa wanaongea, wameinamiana vichwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba nipo.

Goti lake bado linauma. Kanisani anakaa kwenye benchi, na paroko hakuwa na neno. Mimi langu nalisikia nikisahau mazoezi. Pasaka iliyopita nilikwenda Bugarama nikakuta jumuiya imekusanyika kwake kusali. Baada ya sala ya mwisho nilijiandaa kugawa chai, lakini hakuna aliyenyanyuka. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kuzunguka uwanja, vitenge vimekazwa, na mamamkwe wangu amesimama katikati na fimbo yake.

"Mguu wa kulia mbele," alisema. "Ushikilieni. Msiushushe mpaka niseme."

Miguu ikapanda. Jirani yake alikuwa amefunga kwenye kifundo cha mguu mfuko mdogo wa mchanga, ili kazi iwe nzito kuliko ya wenzake, na alikuwa anatetemeka lakini hakushusha. Nilibaki mlangoni na birika.

"Mwalimu," mama aliniita. "Weka hiyo chai chini, uje ukae hapa. Wako ni wa kushoto."

Nikaweka birika, nikakaa, nikanyoosha mguu.